Tulipie Kitendo, Tusilipie Kilo

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni sahihi kuwapa watu fedha ili wale vizuri na wafanye mazoezi. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo kwangu ni zito: fedha hizo zilipie kitendo ambacho mtu anakiweza leo, wala zisilipie kilo atakazokuwa amepunguza baada ya miezi kadhaa.

Uzito wa mwili hauko mikononi mwa mtu peke yake, kwani huathiriwa na maumbile ya kurithi, usingizi, umri na hata dawa anazotumia. Anayejitahidi kwa dhati anaweza kukosa malipo, ilhali mwingine akajishindisha na njaa siku mbili kabla ya kupimwa, akaondoka na zawadi. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2008, lililoongozwa na daktari Kevin Volpp, watu walioahidiwa fedha walipunguza uzito zaidi ya wenzao katika wiki 16, lakini malipo yalipokoma sehemu kubwa ya uzito huo ilirudi.

Matokeo ya kulipia kitendo yananipa matumaini zaidi. Wachumi Gary Charness na Uri Gneezy walieleza mwaka 2009 jinsi wanafunzi waliolipwa kwa kuhudhuria ukumbi wa mazoezi mara nane katika mwezi mmoja walivyoendelea kwenda hata baada ya malipo kwisha, hasa wale ambao awali hawakuwa na desturi hiyo. Wanaohofu kwamba fedha huua ari ya mtu wana hoja, ila nadhani hofu yao inamhusu zaidi yule ambaye tayari anapenda mazoezi. Asiyewahi kuanza hana ari ya kuuawa. Anachohitaji ni sababu ya kuvumilia wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu.

Kwa upande wa chakula, naona njia bora ni kugusa bei yenyewe. Kati ya mwaka 2011 na 2012, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, familia zilizokuwa zikipokea msaada wa chakula zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyotumia kununua matunda na mboga, na ulaji wao wa vyakula hivyo ukazidi wa wasiopewa motisha hiyo kwa takriban robo. Hapakuwa na mizani wala aibu ya kupimwa mbele ya watu. Mboga ilipata nafuu, ikanunuliwa.

Mipango ya bima na ya waajiri inayolipa kwa idadi ya hatua za kila siku ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwenye ulemavu wa miguu, au mama anayelea mtoto mchanga, hushindwa kabla hajaanza, na malipo huishia kwa wale waliokuwa wakitembea siku zote. Kila mpango wa namna hiyo uwe na kipimo mbadala tangu siku ya kwanza, na mtu asilazimike kuomba ndipo apewe.