Usilipie hiyo skopu kabla hujapiga hesabu ya tareti

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una bunduki ya .338 Lapua Magnum, reli yake ya kufungia skopu (darubini ya kulengea) ni bapa, unataka kugonga bamba la chuma mita 1,600, na umeshaipenda skopu ya 6-24x50 (inakuza x6 hadi x24, kioo cha mbele milimita 50) ya bomba la milimita 30 kwa sababu "inakuza x24 na kioo kinang'aa". Umeuliza urefu wa ringi (pete za kushikia skopu), mil au MOA (vipimo vya pembe: kwenye mita 100, mil 1 ni sentimita 10, MOA 1 ni kama sentimita 2.9), retiko (alama za kulengea ndani ya skopu) ya mbele au ya nyuma, na bipodi (miguu miwili ya kuegemeza bunduki). Lililobaki, ambalo hukuuliza, ndilo litakalokula hela yako. Kwenye maelezo uliyobandika kuna mstari unaosema mwendo wa tareti ya juu (kitasa unachozungusha kupandisha au kushusha mlengo), jumla MOA 60. Muuzaji alikwambia nini kuhusu mstari huo?

Naweza kukisia: "Zinatosha kabisa." Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na jibu hilo limenigharimu skopu mbili na maunti mbili (vishikio vya kuifunga skopu kwenye reli), kwa hiyo niwie radhi nikipandisha sauti.

Risasi ya greni 300 (gramu 19 hivi) inayotoka kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde inahitaji karibu mil 18 kufika mita 1,600 ukiwa umezero mita 100, yaani umerekebisha skopu risasi igonge unapolenga kwenye umbali huo. Hiyo ni kama MOA 62, ikipungua au kuongezeka kulingana na hewa na mwinuko wa mahali. Unaona 60 na 62 unasema zimekaribiana, utamalizia kwa retiko. Ndipo mtego ulipo. Ile 60 ni jumla, kutoka tareti inapogota chini hadi inapogota juu. Kwenye reli bapa ziro inakaa katikati au jirani yake, kwa hiyo cha kupanda unabakiwa na 30 tu. MOA 30 kwa risasi hiyo zinakufikisha karibu mita 1,000, halafu tareti inagota. Zile x24 zitakuonyesha vizuri sana bamba usiloweza kulifikia.

Kosa la pili linazaliwa hapo hapo. Mtu anakwambia, "Weka reli yenye mwinamo wa MOA 40, nyuma juu kuliko mbele, umemaliza." Piga hesabu: nusu ya 60 ni 30, toa 40, umebaki hasi 10. Unafika kiwanjani, unazungusha tareti chini mpaka igote, na risasi bado zinapiga sentimita 29 juu ya alama kwenye mita 100. Unarudi nyumbani, unatafuta skopu yenye mwendo mrefu, unakuta nyingi zina bomba la milimita 34, na ringi zako za 30 hazivai tena. Umelipa mara tatu kwa kuruka hesabu ya darasa la nne.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua nusu ya jumla ya mwendo, ujumlishe mwinamo wa reli na maunti: ndicho cha kupanda. Chukua nusu hiyo hiyo, utoe mwinamo: ndiyo akiba ya chini. Akiba isipungue MOA 10, kwa sababu matundu ya reli hayatobolewi yakanyooka kikamilifu na mtutu nao una tabia zake. Halafu ndani ya skopu kuna bomba dogo linalocheza ndani ya bomba kubwa, mduara ndani ya mduara. Likisukumwa hadi ukingoni, nafasi ya kwenda kushoto na kulia inabanwa. Ukifika juu kabisa upepo ukavuma, unaweza kukuta tareti ya pembeni nayo imekwisha.

Kwa hiyo skopu yako ya 60 kwenye reli ya 20 inakupa 50 za kupanda na 10 za chini. Zinapungua 12, yaani mil 3.5, unaweza kuzimalizia kwenye retiko. Inafika, ila kwa kuchechemea, na siku ukitaka mita 1,800 umekwama tena. Skopu ya jumla 100 kwenye mwinamo wa 30 inakupa 80 juu na 20 chini. Nightforce ATACR 5-25x56 ina 120: weka mwinamo wa 40, unapata 100 juu na 20 chini. Sikulazimishi uchukue hiyo, natoa mfano wa namba inayofaa kutafutwa.

Kabla ya kununua reli au maunti yenye mwinamo, hakikisha kwa kweli reli yako ni bapa. Bunduki nyingi za aina hii hutoka kiwandani na 20 au 30 tayari, na miinamo hujumlishana: reli ya 20 chini ya maunti ya 20 ni 40. Upande mnene wa reli unakaa nyuma. Usicheke, wapo waliofunga kinyume wakalaumu risasi. Na yule fundi wa kukata kopo la soda aweke kabari chini ya ringi ya nyuma, mkimbie. Ringi mbili zisizo kwenye mstari mmoja zinapinda bomba, na tareti iliyopindiwa bomba haisemi kweli tena.

Maunti chukua ya kipande kimoja. Ipachike kwenye reli, isukume mbele mpaka iguse ukuta wa mfuo (mkato wa reli), ndipo ukaze. Teke linairudisha bunduki nyuma na skopu inataka kubaki, hivyo ukiacha nafasi hapo ziro itahama mara tu upigapo risasi za kwanza. Skrubu za vifuniko vya ringi kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kawaida kama Nm 2, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo bosi. Futa mafuta, na usitie gundi kwenye hizo skrubu za juu, maana gundi inalainisha uzi na unakaza kupita kiasi bila kujua.

Weka pimamaji kwenye bomba. Ukiinamisha bunduki digrii 1 tu ukiwa umepandisha mil 18, mita 1,600 risasi inakwenda nusu mita pembeni, nawe unaapa ni upepo. Kisha ipime tareti. Ning'iniza timazi mbele ya karatasi ndefu kwenye mita 100 zilizopimwa kwa futi kamba, na retiko ifuate uzi huo. Piga chini, pandisha mil 15, piga tena ukilenga alama ile ile. Umbali kati ya makundi uwe sentimita 150. Ukipata 147, skopu inakupunja asilimia 2, na kule mbali hiyo ni zaidi ya nusu mita chini ya bamba. Kosa hilo liingize kwenye programu ya balistiki. Na ukipima kwenye yadi 100 tegemea 137, usianze kumtukana mtengenezaji bure.

Mil au MOA, chagua moja, ila retiko na tareti zifanane. Retiko iwe ya mbele, ile inayokua na kupungua pamoja na picha unapobadili ukuzaji. Ukubwa wa x24 au x25 unatosha, kwani juu ya hapo mchana wa jua unakuza mazigazi tu. Ringi, chini iwezekanavyo bila kioo cha mbele kugusa mtutu. Bipodi wengine watakujibu.

Tubandikie hapa vipimo vya hiyo reli kwanza, unene wa mbele na wa nyuma kwa kalipa.