Kucha nyeusi na kichefuchefu: usikimbilie kuacha dawa

Pole sana mdogo wangu. Unasema umetumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi), kwa miezi miwili, kucha zimekuwa nyeusi, kichefuchefu kinakutesa, na maumivu bado yapo, hivyo unataka kuiacha. Mimi mgonjwa mwenzio. Kucha zangu nazo zilibadilika. Haziumi, na ukitaka kuzificha, rangi ya kupaka kucha ipo. Kichefuchefu kilipungua daktari aliponihamishia kidonge usiku, baada ya kula, muulize wako. Maumivu huchukua miezi kadhaa kupungua, vumilia kidogo. Ila kipimo cha damu usikiruke kamwe, maana dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na maambukizi. Kwa hiyo homa ikifika nyuzi 38, usimeze panadol ukalala: nenda hospitali usiku huohuo. Na maji, kunywa hata kabla ya kiu.