Vijana, someni mashine kabla hamjaizima

Juma lililopita niliitwa kwenye kinu kimoja cha unga hapa Mombasa. Mkanda wa magunia ulikuwa umesimama tangu saa tisa usiku, na fundi wa shifti, kijana msikivu na mwenye bidii, alikuwa ametoka jasho mpaka ovaroli imemgandama mgongoni. Draivu ya mkanda, kile kifaa kinachoipa mota stima na kuiongoza mwendo, ilikuwa imetripu kwa ovakarenti, yaani imejikata kwa sababu mota ilivuta stima kupita kiasi. Akaizima, akaiwasha. Ikatripu. Akaizima tena, akaiwasha tena. Mara ya nne akaingia kwenye menyu, akaitafuta parameta ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, akabonyeza.

Draivu ikasahau kila kitu ilichofundishwa. Amri ya kuwasha ikahamia kwenye vitufe vyake badala ya kutoka kwa PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, na muda wa kuanza mwendo ukashuka kutoka sekunde 20 hadi 5. Nikamuuliza, "Parameta za zamani umeziandika wapi?" Akaangalia chini. Kibao cha mota nacho kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na mota yenyewe, tukakikwangua kwa sarafu huku yeye akimulika kwa simu: ikatokea 11 kW, halafu mizunguko 1460 kwa dakika, halafu ampia 21. Ilipotimia saa nne asubuhi mkanda ulikuwa unatembea. Na chanzo cha yote? Gunia lilipasuka, unga ukalowa unyevu na kuganda kwenye rola ya mwisho ukawa mgumu kama saruji. Angeishika ile rola kwa mkono na kujaribu kuizungusha, angemaliza kazi kabla ya adhana ya alfajiri.

Sikumgombeza sana. Lakini hii ni mara ya tatu mwaka huu naona jambo lilelile, kwa vijana tofauti, na kila mmoja nampenda na kila mmoja amenipandisha presha. Kwa hiyo naandika.

1. Kuzima na kuwasha si hatua ya kwanza. Mashine iliyosimama kwa fault, yaani hitilafu, inakwambia kitu, na ukiizima unaifunga mdomo. Toa simu, piga picha taa zote za CPU (ubongo wa PLC), taa za kila kadi ya inputi na autputi, skrini ya HMI anayoitumia opereta, namba ya fault na ampia za wakati ule. Ukiona moshi au mtu yuko hatarini, zima hapo hapo, hilo halina mjadala. Lakini kama imesimama tu imetulia, dakika mbili za kupiga picha hazimuumizi mtu. Meneja akikusimamia kichwani na kusema "washa, washa", mwambie kwa adabu unaandika kwanza.

2. Mita ya dijitali inaweza kukuonyesha volti 80 kwenye waya uliokufa, kwa sababu umelala kwenye tranki moja (mfereji wa nyaya) na waya ulio hai na mita yenyewe haivuti kitu. Tumia taa ya kupimia kabla hujaanza kuitafuta hiyo "stima inayovuja".

3. Betri. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana jambo hili limenikaa miaka mingi.

Ilikuwa 2008, kwenye kiwanda cha kujaza chupa. Nilikuwa na miaka sita kazini na nilijiona nimeiva. Laini ile ilikuwa inaendeshwa na PLC ya Siemens, S7-300 ya zamani, zile za kabla ya kadi ya kumbukumbu ya MMC, ambazo programu inakaa kwenye RAM na RAM inashikiliwa na betri ya lithiamu ya volti 3.6 wakati stima imezimwa. Taa nyekundu ya BATF, ya kuonya kwamba betri imechoka, ilikuwa inawaka kwa miezi miwili. Kila aliyefungua paneli aliiona, akafunga. Wazee wetu walisema mdharau mwiba, mguu huota tende. Mimi nikaamua nitakuwa yule asiyedharau. Nikaagiza betri, ikaja, nikaomba nusu saa Jumapili asubuhi.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa kuhusu usalama. Nikazima breka kubwa, nikatia kufuli yangu, nikaning'iniza kibao chenye jina langu. Nikapima, hakuna stima. Nikafungua kifuniko cha mbele cha CPU, nikachomoa kile kiplagi kidogo cha betri, nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya. Haikuchukua hata dakika moja. Nikatoa kufuli, nikawasha. BATF ikazimika. Nakumbuka nilimgeukia msaidizi wangu nikatabasamu.

Kisha nikaiona taa ya STOP. Ilikuwa inapepesa polepole. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Mliofanya kazi na hizi mnajua maana yake: CPU inaomba ifutwe kumbukumbu, kwa sababu kilichokuwemo hakieleweki tena. Nikazungusha ufunguo kwenda RUN. Ikarudi STOP. Nikatazama tundu la kadi ya kumbukumbu, tupu.

Breka ile kubwa niliyoizima ndiyo iliyolisha pia pawasaplai ya volti 24. Kwa hiyo CPU ilikuwa haina stima, na sekunde nilipochomoa betri haikuwa na chochote cha kuishikilia programu. Betri za namna hii hubadilishwa CPU ikiwa imewashwa. Kitabu chake kinasema hivyo wazi. Nilikuwa nacho kitabu, kwenye kabati, mita kumi kutoka niliposimama.

Nikaenda ofisini kutafuta nakala. Kulikuwa na CD kwenye droo, imeandikwa kwa kalamu ya wino mnene "PROGRAMU". Nikaiweka kwenye laptopu mikono inatetemeka. Ndani kulikuwa na michoro ya mabomba na picha za siku ya uzinduzi. Waliofunga mashine waliandikiwa barua pepe. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, kwamba aliyeiandika programu ile aliacha kazi na faili haionekani.

Tukaiandika upya. Siku tisa. Nilikuwa na michoro ya umeme, kwa hiyo inputi na autputi nilizijua zote. Lakini mchoro unakwambia waya wa sensa unaingia wapi. Haukwambii mashine inasubiri muda gani kabla ya kushusha mkono, wala inafanya nini chupa ikianguka katikati. Hayo yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, mama aliyeiendesha laini ile tangu siku ya kwanza. Sote tulimwita Mama. Alivuta kiti akakaa mbele ya mashine iliyokufa, akafumba macho, akaanza kunieleza kwa mikono na kwa sauti. "Chupa ikifika hapa inatulia. Halafu unasikia tss. Mkono unashuka, tak. Halafu inahesabu kidogo, si kidogo hivyo, kidogo zaidi, halafu tss nyingine." Mimi nimeshika simu napima sekunde za midomo yake. Tuliweka 1.2, akasikiliza, akakataa. Tukaweka 1.5, akatikisa kichwa. Kwenye 1.8 akafumbua macho akasema, "Ndiyo hiyo."

Ninachokumbuka kwa uchungu zaidi ni lango. Vibarua wa laini ile walilipwa kwa siku. Mashine isipotembea, hakuna siku. Kila asubuhi walikuja, wanasimama nje, na mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa ananisubiri nikishuka matatu ananiuliza kwa upole kabisa, "Fundi, leo je?" Siku nane nilimjibu "bado". Hakuna hata siku moja aliyonilaumu, na mpaka leo nikiona taa inayopepesa polepole namwona yeye.

Basi fanyeni hivi. Mkikutana na PLC ya betri, kwanza chukueni nakala ya programu, muifungue kwenye laptopu kuhakikisha kweli ni yenyewe, ndipo mguse betri. Tengeni saketi ya mota, tieni kufuli zenu huko, na muiache saketi ya volti 24 ikiwa hai. Kama breka moja inabeba zote mbili, hiyo ni kazi ya kurekebisha kabla ya siku ya betri. Na msisubiri taa iwake.

4. Mkiwa kwenye laptopu, kuweni waangalifu na maneno mawili: kwenye PLC, daunlodi ni kutoka kwa laptopu kwenda kwa PLC. Mmezoea simu, mnadhani daunlodi ni kuleta kwako. Nimemwona kijana, kwa nia nzuri kabisa ya kutunza bakapu, akifunika programu ya Machi 2019 kwa ya 2014 iliyokuwa kwenye laptopu yake. Kabla ya kubonyeza, weka kidole kwenye skrini na useme kwa sauti mshale unaelekea wapi.

5. Kupiga mega mota, yaani kuipima insulesheni kwa volti kubwa, bila kuitenganisha na draivu ni kuua draivu. Volti 500 za mega zinarudi kwenye transista zake. Chomoa nyaya za U, V, W, zile tatu zinazokwenda kwenye mota, kwenye draivu, zitenge, ndipo upime. Chini ya megaohmu moja usiwashe. Na ukishaizima draivu usiingize mkono mara moja: volti 415 zikishanyooshwa ndani zinakuwa karibu 587 DC, na kapasita huzishikilia dakika kadhaa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, kisha pima mwenyewe.

6. Vya kubeba kichwani: kwenye ishara ya sensa ya miliampia 4 hadi 20, katikati ni miliampia 12, na sifuri kabisa maana yake waya umekatika. Sensa ya joto ya Pt100 kwenye nyuzi 30, ambalo ni la kila siku hapa kwetu, husoma ohmu 111 na ushei. Laini ya mawasiliano ya RS-485 iliyofungwa rezista sawasawa ncha zote mbili husoma karibu ohmu 60 ukizima stima. Ukipata 120 ncha moja haina rezista.

7. Tunafanya kazi kando ya bahari, na vitabu vya mashine vingi vimeandikwa na watu wa mbali na bahari. Pepo za Kusi zinaleta unyevu wenye chumvi mpaka ndani ya paneli. Fault inayokuja asubuhi na kupotea mchana jua likipanda, usinunue kadi mpya. Fungua terminali, tazama ile rangi ya kijani kwenye shaba. Kuna paneli moja ya pampu iliyonisumbua wiki tatu. Nilibadilisha sensa, nikabadilisha kebo, karibu nibadilishe kadi. Kumbe paneli ilikuwa na kiyoyozi, na askari wa usiku alikuwa anafungua mlango ili apate upepo baridi. Hewa ya nje yenye unyevu ikigusa bodi iliyopoa, inatoa matone, kama bilauri ya maji ya barafu. Nilimletea feni ndogo ya kwake, nikatia kufuli mlangoni, fault haikurudi. Nilipata jibu usiku nilipoamua kulala pale pale nitazame, ningalipaswa kumuuliza siku ya kwanza.

Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hujui ulichotengeneza, na wiki ijayo utarudi na mikono mitupu.

8. Opereta. Naona mnapita mbele yao mkienda moja kwa moja kwenye paneli na laptopu kwapani. Mtu amekaa na mashine saa nane kwa siku, anaijua ikikohoa. Msalimie, muulize ilianza lini, ilitoa sauti gani, nani aliigusa mwisho na alikuwa anafanya nini. Msimuulize kwa sauti ya askari, maana akiogopa kulaumiwa atakuficha kile unachokihitaji.

Yule Mama, tulipomaliza ile programu, nilichoma nakala tatu. Moja ofisini, moja nyumbani kwangu Mikindani. Ya tatu niliiweka kwenye flash, nikaifunga kwa nailoni mara mbili kwa sababu ya unyevu, nikampa yeye. Aliuliza kwa nini yeye, na yeye hana kompyuta. Nikamwambia nusu ya kilichomo humo ni chake.

Baada ya miaka miwili nilikuwa Lamu kwenye msiba, simu ikaita usiku. Radi ilikuwa imepiga, CPU imekufa kabisa. Spea ilikuwepo, lakini kompyuta ya ofisini nayo imeungua, na fundi kijana hakuwa na pa kushika. Nikamuuliza Mama yuko shifti gani. Akaniambia yuko hapa hapa, amesimama mlangoni. Nikasema mpe simu. Kabla sijamaliza sentensi nikasikia kufuli ya kabati inafunguliwa, halafu mchakacho wa nailoni.