Mkuu, zima hiyo optimaiza sasa hivi

Zima kwanza, halafu endelea kusoma.

Umeuliza mambo matatu: optimaiza ipi (kile kipengele cha programu kinachojitafutia vipimo bora) inafaa kwa filta ya kaviti tano, yaani kichujio cha mawimbi chenye vyumba vitano vya metali, ya 3.5 GHz yenye bendi (masafa inayoyapitisha) ya 70 MHz, uchonge kwa alumini au kwa shaba, na joto litayasogeza masafa kiasi gani. Lakini kwenye picha ya mipangilio uliyobandika umeweka meshi (wavu wa vipande vidogo ambavyo programu inaligawia umbo ili ilihesabu) itengenezwe kwa 6 GHz, kisa grafu yako inaishia 6 GHz. Na chini yake programu ya simulesheni inajisifu: imetulia raundi ya 4, yaani imeongeza meshi mara hizo na jibu halisogei tena. Nilipoiona hiyo 4 mwili ulinisisimka. Yangu ilitulia raundi ya 3, nikajiona fundi.

Mimi niliambiwa na mtu niliyemwamini kuliko kitabu, mzee wa kazi, kwamba "meshi weka masafa ya juu kabisa ya grafu, siku zote". Siku zote! Kwa antena au konekta, sawa, wimbi fupi linadai vipande vidogo. Lakini filta kazi yake ni kukataa. Ukiipelekea 6 GHz, nishati inagonga kaviti ya kwanza na kurudi ilikotoka. Humo ndani hamna kitu. Programu inalinganisha S11 (kiasi cha wimbi kinachorudi) ya raundi hii na ya jana yake, inaona karibu 1 zote mbili, inasema kazi imekwisha. Ni fundi uliyemtuma akague nyumba, akaishia mlangoni, kisha akaandika kwamba vyumba vyote ni vizima. Ule upenyo mwembamba kati ya kichwa cha nguzo iliyosimama ndani ya kila kaviti na kifuniko, ambao ndio unaopanga masafa, ulipata vipande vichache vya kuhesabika.

Juu ya meshi hiyo nikawasha optimaiza. Vigezo sita tu, maana filta ina ulinganifu: masafa matatu ya kaviti, madirisha mawili (matundu kati ya kaviti na kaviti), na pale konekta inaposhika nguzo. Siku 11. Ikaniletea S11 ya desibeli -26 bendi nzima, yaani karibu hakuna kinachorudi, vilima vyote sawa kama meno ya kitana. Nikaiweka iwe picha ya kompyuta. (Msinicheke, na nyie mna picha za magari.)

Sikujua kwamba desibeli -26 ni 0.05 tu, wakati delta S (mabadiliko yanayoruhusiwa kati ya raundi mbili ili programu iseme imetulia) nilikuwa nimeiacha kwenye 0.02. Yaani karibu nusu ya nilichokuwa nakipigia debe ingeweza kuwa makosa ya hesabu. Optimaiza haikutafuta filta bora. Ilitafuta vipimo ambavyo meshi mbovu inavipenda.

Tukachonga maboksi 12, yakapakwa fedha. Nikafunga la kwanza kwenye analaiza, mashine ya kupimia filta, mbele ya watu: bendi iko chini kwa 38 MHz. Zaidi ya nusu ya bendi nje ya mahali pake. Mtu mmoja nyuma akasema "si una skrubu?" Ndiyo, ninazo, za kurekebisha masafa. Skrubu ukiizamisha kuelekea nguzo inaongeza kapasita (uwezo wa upenyo kushika chaji), masafa yanashuka. Mimi nilitaka yapande, nazo zilikuwa tayari zimetoka zote. Na si bahati mbaya kwamba kosa lilikwenda upande huo: meshi nene kwa programu za aina hii kwa kawaida hukupa masafa ya juu kuliko ya kweli, kwa hiyo kitu halisi kinakuja chini.

Basi nikashika tupa. Nguzo tano mara maboksi 12, nikizipunguza urefu kwa mkono. Masafa yalipanda, ila na fedha yote ya kichwani iliondoka na tupa, pale pale penye kapasita. Na madirisha nayo yalikuwa na upana usio sahihi, hayo tupa haiwezi kuyarudisha. Nilipomweleza yule mzee, alijibu: "Kwani hukukagua meshi?"

Sasa fanya hivi. Chora kaviti moja tu, nguzo na kifuniko, itafutie masafa yake yenyewe. Ongeza meshi mpaka masafa yasogee chini ya 1 MHz. Hapo ndipo rudi kwenye filta nzima, uweke meshi NDANI ya bendi, pointi kadhaa: 3.465, 3.5, 3.535. Delta S 0.005, na isikubaliwe mpaka itulie raundi mbili mfululizo. Kama vipimo vyako vya mwanzo vimeipeleka bendi 3.4, meshi nayo iifuate huko huko.

Optimaiza? Yoyote. Alumini, shaba na joto visubiri kwanza. Kwa meshi ile hata ya dhahabu ingekudanganya.

Irudishe ile simulesheni, meshi ikiwa 3.5 GHz, leo, bila kubadilisha kipimo hata kimoja, ubandike grafu mbili pamoja. Nataka kuona imesogea ngapi.