Hayo maji ya kifuani yamepimwa?

*Baba katolewa maji kwenye mapafu mara mbili na yanarudi tena. Tumtoe mara ya tatu?*

Yalipimwa? Hujasema, na hapo ndo ninapopigia kelele kila siku. Mgonjwa anatolewa lita nzima, anapumua vizuri, ndugu wanafurahi, maji yanamwagwa. Jamani maji sio ugonjwa, ni dalili! Kuna ya moyo kushindwa kazi, kuna ya ini na figo, hayo protini yake huwa ndogo, halafu kuna ya TB, nimonia na kansa ambayo utando wenyewe unaofunika mapafu ndo unaumwa, ndo maana maabara wanachukua na damu siku hiyo hiyo walinganishe, protini ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu basi tatizo liko kwenye utando. Wahesabu na seli, limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zikijaa huku kwetu tunaanza kuwaza TB. Watafute na seli za kansa, na wakizikosa usitulie, sampuli moja inakosa nyingi, hapo ulizia kukatwa kipande kidogo cha utando kikapimwe. Sindano ya tatu itolewe, ila chupa iende maabara, na wewe ifuatilie mpaka majibu yatoke.

*JinExpati ya maji imetoka negativu. Basi sina TB?*

Hapana, JinExpati ni kipimo cha kutafuta vijidudu vya TB, ila negativu yake haiondoi TB. Kwenye maji ya utando vijidudu ni wachache sana, kipimo kinawakosa mara nyingi. Peleka makohozi hata kama hukohoi sana, pima na HIV.

*Nachomwa nikivuta pumzi, nimeze antibayotiki gani?*

Hakuna. Kila wiki swali hili! Kichomi kina sababu kumi, na kikija ghafla na pumzi inakata, au mguu mmoja umevimba, inaweza kuwa damu iliyoganda imekwama kwenye mapafu, nenda hospitali sasa hivi. Na eksirei safi isikudanganye, maji yakiwa chini ya kama mililita 200 haiyaoni vizuri, ultrasaundi inayaona.

*Nimemaliza dawa za TB miezi 6, eksirei inasema utando umenenepa. Nirudie dozi?*

Usirudie kwa sababu ya picha peke yake, mara nyingi hilo ni kovu. Daktari alinganishe na picha ya zamani, ndo maana nawaambia msitupe zile filamu! Ukianza homa, jasho la usiku au kukonda, hiyo habari nyingine, rudi kliniki.

*Nilibomoa mapaa ya asbestosi ujana wangu, sitiskani imeona mabaka kwenye utando. Ni kansa?*

Mabaka yenyewe sio kansa na hayageuki kuwa kansa, ila ni ushahidi kwamba ulivuta lile vumbi, na kansa ya utando inachukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Mwambie kila daktari kazi uliyofanya, wengi hawaulizi. Maji yakitokea upande mmoja au maumivu ya kifua yasiyoisha, usisubiri. Kenya walipiga marufuku asbestosi 2006 lakini mapaa ya zamani bado yapo, na vijana wanayavunja kwa nyundo bila hata barakoa. Msiyavunje, msiyakate, muwaite wenye kibali.