Maswali na majibu: Jaji Wickersham wa Alaska

Tangu tulipomtaja James Wickersham, jaji aliyepelekwa Alaska mwaka 1900 enzi za kukimbilia dhahabu, maswali hayajakauka. Nayajibu machache.

Jaji huyo alitofautianaje na majaji wengine wa Marekani?

Kwanza, hakuwa na kiti cha kudumu. Jaji wa shirikisho katika majimbo huteuliwa kwa maisha. Alaska haikuwa jimbo, hivyo jaji wake alipewa miaka minne tu, na mwenye kumweka au kumwondoa alikuwa Washington. Mwaka huo Bunge la Marekani liliigawa Alaska kanda tatu za kimahakama, naye Wickersham, wakili wa mji wa Tacoma, magharibi mwa Marekani, akapewa ile ya ndani: kama maili za mraba 300,000. Kenya nzima ingeenea humo na nafasi ikabaki. Hata jengo la mahakama hakulikuta. Alitoza ada za leseni, zikiwemo za vilabu vya pombe, akajenga mahakama pale Eagle, kando ya mto Yukon. Kwa maneno mengine, walevi walichangia nyumba ya sheria.

Alizungukaje eneo lote hilo?

Kiangazi kwa meli za mvuke. Majira ya baridi mto ukiganda unageuka barabara, na mwanzoni mwa 1901 aliufuata hadi Circle na Rampart kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, ya kukokotwa na mbwa. Usidhani ni kukaa kitako umejifunika blanketi. Safari za namna hiyo mtu hutembea sana. Na mbwa walikuwa mali ya kugombaniwa: mojawapo ya malalamiko ya awali kumfikia ni la Chifu Charley, kiongozi wa wenyeji wa asili wa huko, aliyedai kaibiwa mbwa, na akaashiria kwamba serikali isipomrudisha atakwenda kumchukua mwenyewe. Mbwa akarudishwa.

Ni kweli majaji wa huko walikula njama na wezi wa dhahabu?

Mmoja, ndiyo, na kisa chake kinatosha kitabu. Julai 1900 Jaji Arthur Noyes alishuka Nome, mji wa dhahabu pwani ya Alaska, na aliyefuatana naye ni Alexander McKenzie, kigogo wa siasa za North Dakota. Siku chache tu, Noyes akamteua McKenzie kuwa msimamizi wa migodi iliyokuwa na kesi, tena ile minono. Wenye migodi wakatazama dhahabu yao ikichimbwa na mtu mwingine kwa amri ya mahakama! Mawakili wao wakavusha makaratasi kwa meli hadi Mahakama ya Rufaa, San Francisco. Amri ikaja kwamba mali irudishwe. McKenzie akagoma, Noyes akajitia kiziwi. Oktoba maofisa wakatumwa kutoka San Francisco, wakamkamata McKenzie. Alifungwa mwaka mmoja, lakini Rais McKinley akamsamehe kabla hajaumaliza. Noyes alitozwa faini ya dola 1,000 kwa kuidharau mahakama, halafu akaondolewa. Wickersham ndiye aliyepelekwa Nome mwaka 1901 kufagia uchafu huo.

Nimesikia alipanda mlima Denali.

Alijaribu, 1903. Aliishia kama mita 2,500 kwa kuhofia maporomoko ya theluji. Kilele kiko mita 6,190. Ukuta uliomshinda unaitwa kwa jina lake.

Basi alikuwa mtu wa haki?

Kwa fedha, sina la kumshika. Lakini Novemba 1885, akiwa tayari jaji wa mirathi, alikuwa miongoni mwa wazungu waliowafukuza Wachina mjini Tacoma kwa nguvu. Watu 27 walishtakiwa, naye akiwemo. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wanaomsifu kwa Nome hupenda kuruka ukurasa huu. Mimi nauona mzito kuliko mlima.

Kwa nini aliacha ujaji?

Alichoshwa. Baadhi ya maseneta walikataa kumthibitisha, Rais Roosevelt akawa anamteua tena na tena Seneti ikiwa mapumzikoni. Akajiuzulu, akagombea, na mwaka 1909 akaingia Bungeni kama mjumbe wa Alaska asiye na kura. Sheria ya 1912 iliyoipa Alaska bunge lake aliisukuma yeye. Mwaka 1916 akapeleka muswada wa kuifanya jimbo, ukakwama. Alifariki Juneau mwaka 1939. Alaska ikawa jimbo 1959.