Mchanga wa ndoo usikudanganye (kisima cha Shela)

Ndugu uliyeuliza kuhusu kiwanja chako cha Shela, kisiwani Lamu: fundi kakuletea ndoo ya mchanga mweupe, anasema maji yapo, ila anataka kuteremka zaidi. Msimamishe kwanza.

Mchanga ule umetoka kina gani? Anayechimba kwa kusukuma maji shimoni hupandisha vitu vya kila kina vikiwa vimechanganyika. Tope laini huoshwa likapotea, ikabaki michanga mikubwa, nawe ukadhani chini ni kusafi. Ukinunua bomba la chujio kwa kufuata mchanga huo, matundu yatazidi ukubwa na pampu itavuta mchanga.

Mimi hutumia keekee ya mkono, ile inayozungushwa ikatoboa ardhi na kupandisha udongo. Juu ya maji hakuna taabu, mchanga una unyevu na unashikana. Ukishayagusa maji, shimo linajifukia: kila unapoichomoa keekee, mchanga wa ubavuni unamwagika ndani, na huo ndio utakaouvuta tena. Hapo sharti bomba la kukinga kuta litangulie. Ligonge lishuke, safisha ndani, kisha chukua sampuli chini ya mdomo wake. Lijaze maji yapite usawa wa maji ya ardhini, la sivyo mchanga utafurika kutoka chini. Na keekee ichomoe polepole, maana ukiivuta kwa nguvu unaunyonya mchanga.

Kila sampuli iwe na mfuko wake, na kina kiandikwe toka wapi hadi wapi. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa. Mchanga hutua upesi. Maji yakibaki na ukungu hadi kesho yake, kuna udongo wa mfinyanzi. Tabaka la mfinyanzi unene wa kidole tu laweza kuzuia maji yasishuke, na ndoo haitakuonyesha kamwe.

Kuhusu kuteremka zaidi: maji matamu ya machuguu ya mchanga ya Shela, ambayo mji wa Lamu unayategemea, yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu ya uzito, mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake, lakini ukipampu sana chumvi hupanda. Basi pima chumvi kila hatua kwa kipimo cha umeme, maana maji yakizidi chumvi hupitisha umeme zaidi. Maji ya bahari husoma kama maikrosimensi 50,000 kwa sentimita; namba ikianza tu kupanda, komea hapo. Shimo la majaribio lizibwe kwa mfinyanzi wa bentonaiti (unaovimba ukilowa) kabla hujaondoka, lisije likawapelekea majirani chumvi.